Maumivu Yape Kiti

Nesi alikuwa na sauti isiyojua kunong'ona. Akikuambia siri barazani kwake Msasani, mtaa wetu wa hapa Tukuyu, watu waliokuwa wakinunua vitunguu ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama siri hiyo ni ya nani. Ndiyo maana hucheka kila ninapokumbuka kwamba mtu huyu, kati ya watu wote wa mji huu, ndiye aliyekuwa akifundisha wenzake kulala.

Habari za kuzaliwa kwake, na za babu zake waliopanda huku kutoka pwani na bidhaa zao, siziandiki, kwa kuwa hakuwahi kunisimulia kwa namna moja mara mbili. Ninayemjua mimi ni mwanamke mnene wa miguu myepesi, mwenye mtandio ulioteleza mabegani kila alipoanza kubisha jambo, yaani kutwa nzima. Mimi ni fundi cherehani. Nilipanga pembe ya baraza yake, nikaweka mashine yangu hapo, na kwa miaka mingi nikawa namshonea magauni. Kila nilipotaka kumpima kiuno alinisukuma mkono.

"Fundi, vipimo vyangu si unavyo?"

Vipimo nilivyokuwa navyo vilikuwa vya mwanamke mwembamba aliyekuwa yeye zamani. Nilishona kwa kukadiria kwa macho, naye akivaa na kujigeuza mbele ya kioo alinisifu kwa kufuata vipimo.

Tulimwita Nesi, kana kwamba wilaya nzima ya Rungwe haikuwa na nesi mwingine. Alikuwa amefanya kazi mbali sana na kwetu, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha akahamishiwa nyumbani, na serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina lake nalo likasomwa. "Mimi nimepunguzwa?" aliuliza, akijishika tumbo kwa mikono miwili. "Mbona sioni?" Wenzake waliopunguzwa naye walifungua vibanda vya mitumba au walianza kukaanga maandazi. Yeye alitandika mikeka barazani akafungua darasa.

Kila Alhamisi alasiri walikuja watu ambao maumivu yao yalikuwa yamekataa kuondoka. Walikuja wanawake wachuma chai na migongo yao, kuli wa magunia ya kahawa na goti lake, na seremala ambaye bega lake liligoma tangu alipoangukiwa na mbao. Wengi wao walitumwa na madaktari wa huko huko mjini, maana dawa ilikuwa imeshafanya iliyoweza. Siku hizo biashara imefunguliwa, kila kibanda kinauza vidonge karibu na sabuni na betri, na watu walikuwa wakivitafuna kama karanga. Nesi hakuvitukana vidonge. Alisema tu kwamba kidonge hakijui saa ya kulala.

Alichokuwa akifundisha kilikuwa chepesi kueleza na kigumu kukubali. Mtu anayeumwa miaka, alisema, hupoteza usingizi, na akishapoteza usingizi maumivu huongezeka, basi viwili hivyo hukimbizana mpaka mwenye mwili achoke. "Mwili wako umekaa mlangoni na rungu," alimwambia seremala. "Mwizi ameshaondoka siku nyingi, lakini mlinzi hajaambiwa. Hapa tunamwambia."

Namna ya kumwambia mlinzi huyo ilikuwa chai. Nesi alimpa kila mwanafunzi kikombe cha chai ya moto, na sharti lilikuwa kutokunywa. Uvute harufu yake taratibu kwa pua, kisha uipulizie, polepole, kwa pumzi ndefu, kiasi cha kuipoza bila kuimwaga. Ukiharakisha, chai ilikurukia mkononi. Nilikuwa nikishona huku nikiwatazama wachuma chai wameketi mstari mmoja, macho wameyafumba, wakipuliza. Mara ya kwanza walicheka mpaka mmoja akaunguza paja. Wiki chache baadaye nikaona mabega yao yakishuka kabla hata ya birika kufika, na mimi jicho langu ni la mabega, siwezi kukosea.

Kasoro moja ni kwamba mwalimu mwenyewe hakuweza kunyamaza. "Tulieni," alisema. "Tulieni kabisa. Regezeni mikono. Wewe mama, umeona bei ya sukari lakini? Regezeni taya." Seremala, mtu mpole sana, ndiye aliyekuwa akifumbua jicho moja na kumwambia, "Nesi, tumeshatulia, sasa zamu yako." Alinuna kidogo, akanyamaza kwa muda wa kunywea maji, akaanza tena.

Alipiga marufuku chai ya jioni. Fikiria kuwaambia hivyo watu ambao chai ndiyo shamba lao. Yeye mwenyewe sikupata kumwona akikaa baada ya magharibi bila kikombe, na nilipomuuliza alinijibu kwamba ile haikuwa chai, ilikuwa tangawizi iliyopitiwa na majani. Alikataza pia kusinzia mchana. Lakini adhuhuri, jua likipata nafasi kati ya mvua mbili, kidevu chake kilianguka kifuani hapo hapo kwenye kiti, akakoroma kwa heshima zote. Akizinduka alitazama huku na huku na kusema alikuwa akisali moyoni. Nami nilimjibu kwamba sala ile ilisikika.

Misemo yake mingi niliisahau, kwa kuwa alikuwa na msemo wa kila kitu hata wa kufungia mlango. Iliyobaki ni ile aliyoirudia. Mtu akija na kisa cha mashtaka anayoyasikiliza kitandani, shamba, deni, wifi, alimwambia, "Kitanda si baraza la kata. Kesi ziamue mchana." Mtu akipata nafuu akakimbilia kulima shamba lote kwa siku moja, kisha akarudi amejikunja, alimwambia, "Siku njema usiimalize peke yako, mwachie na ndugu yake kesho." Na ule uliokuwa mkubwa kuliko yote, ambao watoto wa mtaa waliuimba wakiruka kamba: "Maumivu yape kiti, usiyape kitanda." Maana yake, akieleza, maumivu ni mgeni mkorofi ambaye huwezi kumfukuza. Akija, mkaribishe aketi nawe mchana, endelea na kazi zako ndogo ndogo, lakini kitandani asipande.

Jambo la mwisho kabla sijafika kwa mama yangu: Nesi aliogopa ng'ombe. Alikulia Tukuyu, ambako ng'ombe ni watu wa nyumbani, na bado akimwona ndama amefungwa kwenye mgomba alipita barabara nyingine. Alikuwa amewatuliza wagonjwa waliovunja milango. Ndama alimshinda.

Sasa mama. Mama yangu alikuwa akikaa Masoko na baba, katika shamba la migomba na kahawa. Msimu mmoja wa mvua aliteleza kwenye mteremko akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Hospitali wakasema hakuna kilichovunjika, na baada ya muda wakasema kilichochubuka kimepona. Mgongo haukukubaliana nao. Uliendelea kumuuma mwaka ule na uliofuata, na usingizi ukamtoka. Salamu yetu ya asubuhi, ugonile, inamuuliza mtu kama amelala, na kila mtu huijibu ndaga bila kufikiri, asante, akapita. Mama aliniambia kwamba salamu hiyo ilikuwa imeanza kumtia uchungu, kwa sababu kila siku alianza asubuhi kwa uongo.

Baba alimpenda, na mwanamume wa kwetu akimpenda mke mgonjwa hununua kitu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na magari yao kuchukua kahawa, na fedha ya mara ya kwanza baba alikwenda nayo mjini, akarudi na godoro nene la sponji juu ya gari la abiria. Kijijini halikuwapo jingine la unene ule. Alilitandika chumba cha mbele ili wageni wasisumbuke, na ile nailoni ya dukani hakuiondoa. Alisema likivuliwa nailoni watu watajuaje kuwa ni jipya?

Kwetu mgonjwa huonwa akiwa amelala. Ndiyo adabu. Mgeni huja na sukari yake au mayai, hukaa karibu na kitanda, hutoa pole, huzungumza habari za watu wengine, huondoka. Mgonjwa akikutwa ameketi, mgeni hujiuliza amekuja kufanya nini. Basi mama alilala tangu asubuhi ili aonekane. Walikuja kumwona yeye, na sitaficha, walikuja kuliona godoro. Kati ya mgeni na mgeni alisinzia. Usiku ulipofika alikuwa amekwisha kulala mchana vipande vipande, na akigeuka, nailoni ilipiga kelele chini yake kama mtu anayekunja magazeti.

"Mwanangu," aliniambia siku niliyoshuka kumtazama, "sikuombi nipone. Nataka kulala tu, usiku mmoja, mpaka asubuhi."

Nikasema nitamleta Nesi. Baba akakataa. Alijua Nesi alikotoka kufanya kazi. "Mke wangu ameumia mgongo," alisema. "Kichwa chake ni kizima."

Nilimpelekea Nesi maneno hayo nikidhani atachukia. Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe mpaka Masoko, kwa gari la hadi mlangoni kwa sababu ya ng'ombe, akamwamkia baba kwa Kinyakyusa chake chenye lafudhi ya duka. "Baba, mgongo na kichwa wamepanga nyumba moja," alimwambia. "Mmoja akipiga kelele, mwenzake halali. Mimi nimekuja kuzungumza na wapangaji wote wawili." Kisha akaketi juu ya godoro, likalia. Akainuka, akaketi tena, likalia tena. "Godoro zuri sana. Ila linasema kuliko mimi."

Baba alicheka, na nailoni ikatoka siku hiyo. Agizo la pili lilikuwa zito zaidi. Kitanda kirudi chumbani na kiwe cha usiku tu. Mama aamke wakati ule ule baba anapokwenda kukamua ng'ombe, hata kama hakulala. Mchana aketi kwenye kiti jikoni, amenye ndizi chache, aache kabla mgongo haujamwamrisha kuacha, atembee mpaka kwenye mbuni wa kwanza shambani na kurudi. Na kabla ya kulala apulizie kikombe, hata kama ni cha maji ya moto.

Mama alifuata. Wiki ile ile mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye kauli chache, akaja na wenzake kumwona mgonjwa. Wakamkuta jikoni, kisu mkononi, anamenya ndizi. Waliutazama mlango wa chumba, wakamtazama yeye. Mwenyekiti akasema, "Kumbe umepona. Ndaga fijo, tumshukuru Mungu." Waliweka sukari chini na hawakuketi.

Baada ya hapo hakuja mtu. Ikasemwa kisimani kwamba mama alikuwa akijilaza ili ale mayai ya watu. Mama akasikia. Niliposhuka tena nilimkuta amerudi kitandani, tena mchana, amejifunika mpaka shingoni, akisubiri wageni wasiokuja.

"Bora nikose usingizi kuliko kukosa watu," alisema. Nilikasirika, kisha nikamhurumia, kwa sababu ninamjua mama yangu: yeye bila watu haishi.

Nilipofika Msasani nilimweleza Nesi yote, naye, bila msemo wowote, akaikunja mikeka. Hilo lilinitisha. Alhamisi hiyo alifunga darasa, tukapanda gari la Masoko. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na gari likatushusha mbali. Ilibidi tupite malishoni kwa miguu. Nesi alinishika mkono wa gauni nililomshonea mwenyewe, nikasikia mshono unaachia. Na pale njia inapobanwa na matuta, akasimama ng'ombe jike mmoja mwekundu, anacheua, anatutazama.

Nesi aliganda. Kisha akapiga kelele ambayo nadhani ilifika hadi ziwa la Masoko. Ng'ombe hakujali. Mimi nilimpungia mkono, hakujali vilevile. Aliyetokea mbio kutoka migombani, kanga kiunoni, alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Ng'ombe alikuwa wake. Alimpiga kikofi cha mapenzi, akamsogeza, akamshika Nesi mkono na kumvusha kama anayemvusha bibi harusi.

Ng'ambo Nesi aliketi juu ya tuta. Mikono ilimtetemeka, midomo imekauka. Akaiweka mikono kama aliyeshika kikombe, akavuta pumzi kwa pua, akapuliza, polepole, chai ambayo haikuwapo. Mwenyekiti alimtazama mpaka mwisho.

"Mama," Nesi alimuuliza alipopata sauti, "ng'ombe wako amenifanya nini?"

"Hajakufanya kitu. Ni mpole huyu."

"Ameniuma? Amenipiga pembe?"

"Hapana."

"Na mikono yangu hii, ninaitetemesha makusudi?"

Mwenyekiti akaitazama mikono ile. "Hapana," alisema. "Hiyo si ya makusudi."

"Basi mgongo wa mwenzako ndivyo ulivyo. Kilichomuumiza kimekwisha, mwili haujaamini. Anaumia kweli, akiwa amelala na akiwa ameketi. Mimi ndiye niliyemwambia aketi, kwa sababu akilala mchana hapati usiku, na asipopata usiku mgongo unazidi. Mkitaka kumsema mtu kisimani, nisemeni mimi."

Mwenyekiti alikaza kanga yake. Alikuwa mtu wa kauli chache, kama nilivyosema. Alitembea nasi mpaka kwa mama, akaingia chumbani mbele yetu, akasimama miguuni pa kitanda.

"Nesi anasema mgonjwa wake anaonwa akiwa ameketi," alisema. "Inuka, mama. Nimekuja kukuona."

Mama alinitazama mimi, akamtazama Nesi, akateremsha miguu. Tulikaa jikoni sote. Mwenyekiti aliomba kisu, akavuta kapu la ndizi, akaanza kumenya, na mama akamenya upande wake. Nesi, ambaye hakujua kumenya ndizi bila kujipaka utomvu mpaka viwikoni, alihutubia. Tangu wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumwona mama kwa zamu, kila mmoja na kisu chake, na ndizi za nyumba zile zikawa zinamenywa jikoni kwetu. Baba alilalamika kwamba maganda yamemshinda kutupa. Ilikuwa furaha yake ya kwanza kwa muda mrefu, na aliitoa kwa njia ya malalamiko kama kawaida.

Usingizi haukurudi kwa mkupuo. Ulirudi kidogo, ukatoroka, ukarudi. Siku moja baba alipanda mpaka Msasani, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akasimama mbele ya baraza na kofia mkononi. "Nesi," alisema, "mke wangu anakoroma. Sasa mimi ndiye nisiyelala." Nesi alimtandikia mkeka.

Miaka imepita. Mimi nilihamishia mashine yangu Makandana nilipopata fremu ya duka, na baba tulimzika. Mwaka juzi nikasikia Nesi ameanguka uani kwake, nyonga haikukaa sawa, na hainuki tena kitandani. Nilimwambia mama. Mama sasa ni bibi kabisa, anatembea na fimbo, lakini alichukua kapu lake akaweka ndizi, na juu ya ndizi akaweka kisu.

Tulimkuta Nesi chumbani, mchana kweupe, mito mitatu nyuma yake, blanketi mpaka kifuani. Wageni walikuwa wamejaa kwenye viti, sukari imepangwa mezani. Alikuwa amepungua. Kama angeniruhusu kumpima siku ile, vile vipimo vya zamani vingemfaa, na nilipoliona hilo nililia kidogo nikijifanya natafuta kitambaa. Sauti ilikuwa ile ile. Alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyoanguka, na kwa nilivyosikia, ng'ombe alikuwa ameingizwa katika kisa hicho.

Mama hakutoa pole. Alisimama miguuni pa kitanda, akaegemea fimbo.

"Ugonile?" alimuuliza, na akasubiri jibu.

Nesi alianza kusema ndaga. Akaacha. "Sijalala, mama," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Tangu nianguke sijalala."

"Mchana je?"

Nesi akatazama mito yake. Wageni wakatazama sakafu.

"Inuka tukakae barazani," mama alisema. "Nimeleta ndizi."

"Nyonga inauma."

"Na mgongo wangu unauma. Haujaacha hata siku moja, sikukwambia tu. Lakini ninalala." Mama alimnyooshea mkono usio na fimbo. "Twende."

Nesi aliutazama mkono ule. Kisha akacheka, akafuta macho kwa mtandio, akalitupa blanketi pembeni. Nilimshika upande mmoja, mama akamshika upande wa pili, tukaanza kutoka, polepole, yeye akitulaumu njia nzima kwamba hatujui kushika mgonjwa. Wageni waliokuwa wamekuja kumwona waliangaliana. Halafu wakainuka, mmoja mmoja, kila mtu akabeba kiti chake, wakatufuata nje.